Mwili Ulioamriwa Hauponi kwa Amri Nyingine

Kitenzi kimoja kinafaa kuondolewa katika kila darasa la yoga linaloandaliwa Malindi, pwani ya Kenya, kwa ajili ya manusura, nacho ni kufunga. Mwalimu husema "fungeni macho" bila kuwaza, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Lakini kwa Kiswahili kufunga ni kuziba, ni kukaza kwa kamba, ni kutia mtu ndani, na ni kushinda bila kula. Katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja waliambiwa wafunge kula hadi kufa, kufunga ndilo neno lililowamaliza watu. Makaburi yalipoanza kufukuliwa Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini, ikiwemo ya watoto wengi. Waliotoka wakiwa hai walitoka mahali ambapo sauti moja, iliyosimama mbele yao, iliamua lini mtu ale, lini anywe na lini aache. Sasa mkalishe mtu huyo safu ya pili, usimame mbele yake, umwambie afunge macho na afuate pumzi yako. Nia yako ni njema. Mwili wake hauijui nia yako. Unalijua neno na unaijua sauti ya kuamrisha.

Yoga inaweza kumsaidia aliyepatwa na kiwewe, na wanaojitolea kuileta hapa wanakaribishwa. Ila dawa yake haimo katika mkao. Imo katika kuamua. Aliyebakwa, aliyeteswa, aliyeshuhudia Mpeketoni, huko Lamu, mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 60 walipouawa, aliyenusurika Shakahola, wote wanashiriki jambo moja: mwili wao ulipelekwa pasipo wao kutaka. Kila mara mtu huyo anapoinua mkono hadi nusu, akaona inatosha, akaushusha, na hakuna aliyemsahihisha, amepata dozi moja. Ndiyo maana darasa linaloendeshwa kwa amri, hata amri laini yenye tabasamu, linampa mgonjwa kitu kilekile kilichomuumiza.

Utafiti unaotajwa zaidi katika fani hii ulichapishwa Marekani mwaka 2014 na daktari wa akili Bessel van der Kolk na wenzake. Walichukua wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu, ambacho matibabu ya awali hayakukiondoa. Nusu walipewa yoga saa moja kwa wiki kwa wiki 10, nusu wakapewa masomo ya afya ya wanawake kwa muda uleule. Mwishoni, wanawake 16 kati ya 31 wa kundi la yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo. Katika kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29. Ni matokeo mazuri. Lakini watangazaji wa yoga huyasoma upande mmoja tu. Wanawake wale walikuwa tayari wamepitia tiba ya mazungumzo. Yoga iliongezwa juu yake, haikuchukua nafasi yake. Kisha walifundishwa yoga iliyopunguzwa makali: haina kushikwa, haina kusahihishwa, haina kushindana na jirani. Anayewachukua manusura na kuwapa darasa lile lile linalouzwa kwa watalii ufukweni hawezi kujitetea kwa utafiti huo.

Lugha ya darasa inahitaji kazi kubwa kuliko mikao yenyewe. Mwalimu anayetoka nje hufundishwa kusema kwa upole, kwa kukaribisha. Halafu anasimama mkalimani pembeni, kijana mwenye Kiingereza kizuri na haraka nyingi, na maneno yote ya upole yanageuka: "Lala. Funga macho. Vuta pumzi. Usisogee." Ukarimu umeishia njiani. Hata kubadili kuwa "tuinue mikono" hakusaidii sana, maana "tuinue" ni amri iliyovaa wingi. Asiyeinua anaonekana amejitenga na wenzake. "Naomba uinue" ni mbaya zaidi kwetu Pwani. Nani atamkatalia mgeni aliyeomba? Linalofaa ni sentensi yenye milango miwili, na ule wa pili usiwe mwembamba: "Ukitaka, inua mkono mmoja. Usipotaka, kaa ulivyokaa, ni sawa vilevile." Inachosha kuisema mara arobaini kwa saa moja. Isemwe.

Kuna maneno mengine ya kuchunga. "Kata pumzi" halisemwi kabisa. Aliyekata pumzi amekufa. "Toa pumzi" linatosha. "Tulia" ndilo neno ambalo watoto wengi waliambiwa na mtu mzima aliyewadhuru. "Lala chali" na "panua miguu" hayana nafasi mbele ya mwanamke aliyedhulumiwa kingono, hata yakisemwa na mwanamke mwenzake. Badala ya "funga macho" sema "shusha macho, tazama mkeka wako". Mwenye kiwewe hulinda usalama wake kwa kutazama mlango. Ukimnyima mlango umemnyima utulivu uliokuja kumletea.

Upande mwingine, Kiswahili kina neno ambalo Kiingereza cha walimu hawa hakina, nalo ni kusikia. Sisi husikia baridi, husikia njaa, husikia maumivu, husikia usingizi. Sikio na mwili havikutenganishwa. Kazi kubwa ya yoga ya kiwewe ni hiyo hiyo ya kurudisha kusikia, kwa sababu kiwewe huacha mwili ukiwa umekufa ganzi, au ukisikia kila kitu kwa mara kumi. Basi swali la mwalimu liwe dogo na liwe na jibu: "Nyayo zako zinasikia nini sasa, sakafu ni baridi au ina joto?" Usianze na kifua wala tumbo. Nyayo na viganja viko mbali na moyo unaokwenda mbio, na kwa wengi ndiko kusikohifadhi kumbukumbu mbaya. Kwa aliyefundishwa kwamba kusikia njaa ni udhaifu wa imani, siku atakayosema katikati ya darasa "nasikia njaa" ni siku ya maendeleo makubwa. Mwalimu anyamaze, ampe uji.

Uji huo uwe tayari, na unywewe kabla, si baada. Hapa pana jambo la kitabibu lisilohusu yoga lakini linaloweza kuua. Mtu aliyekaa na njaa wiki kadhaa akilishwa wanga mwingi ghafla, madini ya fosfeti katika damu yake hushuka na moyo unaweza kusimama. Kumlisha huyo ni kazi ya hospitali, na wiki hizo hazina yoga. Hata miezi baadaye misuli yake ni dhaifu na shinikizo la damu hushuka anaposimama. Kwa hiyo kichwa kisishuke chini ya moyo, na kutoka sakafuni kuwe kwa hatua: ubavu, kiwiko, kuketi, kuhesabu hadi ishirini, ndipo kusimama ukishika ukuta. Ukiwa na viti vya plastiki, anza na viti. Kiti kiegemezwe ukutani ili kisiteleze, na kila mtu achague kiti chake mwenyewe, maana wapo wasioweza kumpa mtu kisogo.

Kuhusu pumzi, watu hukosea kwa kupenda makubwa. Tunapovuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, tunapoitoa hupunguza, kwa kazi ya neva ya vagasi inayotoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Ndiyo sababu pumzi inayotoka ikiwa ndefu kuliko inayoingia hutuliza. Hesabu nne kuingia, sita kutoka, yaani pumzi sita kwa dakika. Mara tano au sita tu, kisha mtu arudi kwenye pumzi yake ya kawaida. Zile pumzi za kasi za tumbo zinazopigwa madarasani zifutwe kabisa. Zinashusha kabonidayoksaidi katika damu, mishipa ya ubongo inabana, kichwa kinakuwa chepesi, midomo na vidole vinakufa ganzi, mikono inakakamaa. Kwa mtu mzima wa afya hiyo ni hisia ya ajabu ya dakika mbili. Kwa manusura ni hofu ileile ya siku ile, imerudi kwa umbo lake. Kuzuia pumzi pia kusiwepo. Wapo waliozibwa mdomo. Na wapo ambao kuitazama pumzi kwenyewe kunawatia kiwewe. Hao wapewe kazi ya mikono: kukunja leso taratibu, kusugua viganja, kushika kikombe cha maji baridi. Mama wa Kigiriama au wa Kiamu anayesuka ukili hufanya jambo hilo hilo kila siku bila kuliita jina.

Saa moja inagawanyika hivi kwa kundi la watu wanane hadi kumi na viongozi wawili. Dakika kumi za kwanza ni za kufika: kusalimiana, kuketi, kuambiwa wazi nini kitafanyika leo na kitaisha saa ngapi. Dakika thelathini na tano za kusogea kwenye kiti na kusimama ukutani, mikao sita au saba tu, ileile kwa wiki tatu mfululizo ili mwili ujue kinachofuata. Dakika tano za kukaa kimya, macho wazi. Kumi za kunywa maji na kuondoka polepole. Hakuna kulala mwishoni kama ilivyo desturi ya yoga. Atakayetaka kujinyoosha ajinyooshe kwa ubavu, uso ukitazama mlango. Kiongozi wa pili hafanyi yoga. Anawatazama watu.

Malindi saa hiyo iwe kati ya Alasiri na Magharibi, tuseme saa kumi na robo, jua limepungua chini ya makuti na waliosali wamesali. Ijumaa mchana haiwezekani, Jumapili asubuhi vivyo hivyo. Mwezi wa Ramadhani darasa lihamie baada ya futari au lisimame. Wanawake peke yao, wanaume peke yao. Dera na leso vinatosha, na mikao ya kiti haimfichui mtu. Mkeka wa miyaa juu ya saruji huteleza. Uwekwe kwa wa kuketi tu. Ukumbi uwe na milango miwili isiyokomewa, na paa lisilopigwa kelele na jenereta ya jirani. Nauli ya bodaboda au tuktuk itolewe mtu anapofika. Mashirika mengi hulipa mwishoni ili watu wasiondoke mapema. Hapo umemfungia mtu ndani kwa shilingi mia mbili, ukamwambia yuko huru.

Suala la dini halikwepeki, na halitatuliwi kwa kusema yoga ni ya wote. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008, na lile la maulamaa wa Indonesia mapema 2009, yaliikataa yoga yenye nyimbo na ibada za Kihindu, na la Indonesia likairuhusu ile ya mazoezi matupu. Saudi Arabia mwaka 2017 iliitambua kama mchezo. Kwa hiyo mwalimu anayekuja Lamu au Malindi aache nyumbani "Om", kengele, sanamu na maneno ya Kisanskriti, awaone mashekhe na wachungaji kabla ya kuanza, na aonyeshe mikao yote aliyonayo. Lipo na jambo dogo ambalo wageni hawalioni: mkao wa kuinama paji likigusa chini, ukifanywa na watu kumi wanaomwelekea mwalimu, unafanana na kumsujudia binadamu. Keti duara, au wote waelekee bahari. Wala usiwaambie "hii ni kama sujudi yenu". Wakiona kufanana watasema wenyewe. Kwa manusura wa Shakahola uzito ni mwingine. Waliumizwa kwa jina la Mungu, na wengine bado wanaamini. Mwalimu asiwahubirie imani wala asiwatoe kwenye imani.

Litakalotokea siku moja, hata ukifanya yote haya, ni mtu kupotea katikati ya darasa. Macho yanakaza mahali pamoja, pumzi inakuwa fupi, jasho, kutetemeka, au kinyume chake anazubaa kama hayupo. Kiongozi wa pili asogee, aketi pembeni umbali wa mkono, chini kuliko yeye, asimguse. Aseme jina lake, aseme mahali: "Dada, uko Malindi, leo ni Jumanne, saa kumi na nusu, mlango ule pale uko wazi." Amwombe akandamize nyayo sakafuni, ataje vitu vitano anavyoviona, anawe maji baridi viganjani. Asimwambie avute pumzi ndefu. Asimuulize alikumbuka nini. Wengi hurudi ndani ya dakika kumi au ishirini, wakiwa wamechoka na wenye haya. Shida kubwa huwa ni wanaotazama. Huku kwetu mtu akibadilika hivyo atasemwa amepandwa na pepo, na katika nia ya kusaidia watu wanne watamshika mikono na miguu, wa tano amfushe ubani usoni. Usianze mjadala wa majini wakati huo. Mkubaliane siku ya kwanza kabisa, kundi zima: hapa hakuna atakayeshikwa wala kufushwa, anayetaka kumwombea mwenzake amwombee akiwa ameketi mahali pake. Watu wanakubali. Aliyewahi kushikwa hukubali haraka kuliko wote.

Tiba nyingine zinazoletwa pamoja na yoga zipimwe moja moja. Kukandwa mwili ni kuzuri baadaye sana, kwa anayeomba mwenyewe, akiwa amevaa, na akijua anaweza kusema basi. Mafuta yenye harufu yaachwe: harufu hufika kwenye kumbukumbu haraka kuliko neno, na hakuna ajuaye asumini au udi ulikuwapo usiku gani. "Kusafisha mwili" kwa kushinda na juisi au maji, jambo linalouzwa katika hoteli nyingi za mapumziko duniani, lisitajwe mbele ya watu hawa hata kama mfano. Kama mganga au mwalimu wa kombe, anayewanywesha maji yaliyooshewa aya za Kurani, amekuwa akiwasaidia, mwacheni. Muulizeni tu mgonjwa anakunywa dawa gani, za hospitali na za mitishamba, na kama ana mimba.

Halafu watu watasema. Mwili ukilegea ulimi hufuata, na mwalimu wa yoga atasikia mambo ambayo hakuyaomba. Asichimbe, asiandike daftarini, asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Ikiwa ni ubakaji wa juzi, saa zinahesabika: dawa za kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya saa 120, aende hospitali kwanza. Namba 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, 116 ni ya watoto, zote hazilipiwi. Baadhi ya manusura wa Shakahola ni mashahidi, na kuwarudishia hadithi yao mara kwa mara mbele ya mgeni kunaweza kuwavurugia ushahidi. Wengine wanaogopa kukiri kwamba wanawaza kufa, na hofu hiyo ina msingi: mwaka 2023 manusura zaidi ya 60 walifikishwa mahakamani kwa shtaka la kujaribu kujiua baada ya kukataa kula. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha sheria kilicholifanya hilo kuwa kosa kinakiuka Katiba. Waambiwe hivyo. Na jina na simu ya muuguzi wa afya ya akili viwe mfukoni mwa viongozi wote wawili kabla ya darasa la kwanza, awe amekubali kwa mdomo wake kuwapokea.

Ni nani basi ajitolee, na kwa muda gani? Mwenye wiki mbili asiwaguse manusura. Afundishe walimu wa hapa, aangalie wakifundisha wao kwa wao, aondoke. Mwenye kutaka kukaa na kundi awe na miezi mitatu isiyopungua: wiki mbili za kujulikana, wiki kumi za darasa. Mgeni, hata asiyelipwa, ahitaji kibali cha kazi ya kujitolea. Idhini ya kuingia kama mtalii haitoshi. Picha zisipigwe, hata za mgongo, hata za miguu juu ya mkeka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa, na ridhaa ya mtu anayengoja nauli kutoka mkononi mwako ni ridhaa gani?

Mwenye darasa awe wa hapa, analipwa, anazungumza Kiswahili na kwa wazee wa bara Kigiriama. Haihitaji shahada. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika Nairobi na wanawake 421, wengi wao waliopitia dhuluma: mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano, ulioendeshwa na watu wa kawaida wa mitaani waliofundishwa na kusimamiwa vizuri, uliwapunguzia mateso ya nafsi kuliko huduma ya kawaida. Kusimamiwa ndiko kunakosahaulika. Mama anayesikiliza vilio vya watu kumi kila wiki naye ahitaji mtu wa kumsikiliza, angalau mara mbili kwa mwezi, na fedha ya jambo hilo iwekwe kwenye bajeti kabla ya fedha ya mikeka.

Kuna hesabu moja ya kalenda ambayo wafadhili wa ng'ambo hawaifanyi. Wanaojitolea huja Malindi na watalii, wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Aprili mvua za masika zinaingia, hoteli zinafunga, ndege zinapungua, nao wanaondoka. Aprili ndio mwezi makaburi ya Shakahola yalipofunguliwa. Redio zinarudia habari zile, picha za msitu zinarudi kwenye simu, na usingizi wa watu unavunjika upya. Darasa linalopangwa vizuri huanza Februari, ili wiki ya kumi iangukie katikati ya Aprili. Wiki hiyo usiongezwe mkao mpya. Viti viwekwe palepale, uji upikwe mwingi kidogo, na viongozi wote wawili wafike nusu saa mapema, kwa maana watu nao watafika mapema.